Asubuhi Tatu kwa Wiki

Karakanani walimwita Futi, na hakuna aliyekumbuka tena jina aliloandikishwa nalo siku ya kwanza. Alikuwa mkataji. Kabla ya mashine kumi na nne kuanza kulia, kabla ya vifungo na pasi, kitambaa cha sare za shule kililazwa juu ya meza yake ndefu, tabaka juu ya tabaka, naye akakipitia kwa chaki, kisha kwa mkasi mzito ambao hakumwazima mtu. Mtoto akiingia ameshikwa mkono na mzazi wake, Futi alimtupia jicho moja tu kutoka mezani, akasema kiuno kadhaa, bega kadhaa, na aliyepima baadaye alikuta hajakosea hata nusu inchi. Wageni walidhani ni mchezo. Wenzake walishazoea.

Jicho hilo ndilo lililomwambia, kabla ya daktari yeyote, kwamba baba yake anapungua. Suti ya kahawia aliyomshonea siku ya kustaafu ilianza kumning'inia mabegani. Akaibana. Mwaka uliofuata akaibana tena, akimwambia baba kwamba ni kitambaa kilichotanuka. Baba alikubali, kwa kuwa mambo ya kitambaa alimwachia binti yake, kama yeye binti alivyomwachia baba mambo ya karatasi.

Mzee huyo mtaa mzima ulimwita Karani. Miaka thelathini na mmoja alikaa kwenye masjala ya ofisi ya ardhi, chumba cha nyuma chenye rafu hadi darini, na katika miaka hiyo yote, kwa maneno yake mwenyewe, hapakupita mkononi mwake karatasi isiyokuwa na tarehe. Nyumbani tabia ilikuwa hiyohiyo. Nyuma ya kila picha ya familia kulikuwa na tarehe. Barua ambazo mkewe alimwandikia enzi za uchumba alizipa namba, na mama wa watu, alipokuwa hai, alipenda kusema kwamba aliolewa baada ya kupitishwa na masjala.

Kiharusi kilikuja asubuhi, Karani akiwa anafunga kamba za viatu. Kilichukua mguu wa kushoto na mkono wa kushoto, kikaacha ulimi. Kwanza walishukuru kwa hilo. Baadaye kumbukumbu nazo zikaanza kuchomoka, moja moja, kama vile kuna mtu anaazima mafaili na harudishi. Futi, ambaye ndoa yake ilikwisha zamani bila mtoto, akahamia chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake na cherehani moja, mkasi, na masanduku mawili.

Siku yake ilianza saa kumi na moja alfajiri. Alimgeuza mzee, akatoa shuka iliyolowa, akamfuta kwa maji ya uvuguvugu kuanzia shingoni kushuka, akitazama ukutani pale palipostahili kutazamwa ukutani. Alimvalisha mkono wa kushoto kwanza, kwa sababu mkono ulio mgonjwa ukitangulia, shati linaingia lenyewe. Uji ulichukua karibu saa nzima. Kisha ikaja kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote, ya kumshawishi mzee kwamba leo haendi ofisini. Siku nyingine alikubali upesi. Siku nyingine alitafuta ufunguo wa masjala mpaka kwenye sufuria.

Kumwacha peke yake hakukuwezekana. Futi alijaribu, mwezi wa kwanza, akaenda karakanani kwa muda wa saa mbili tu. Aliporudi alikuta bomba limefunguliwa, maji yamefika sebuleni, na mzee amekaa juu ya kitanda ameinua miguu, akisubiri kwa adabu mtu anayehusika aje. Tangu hapo hakujaribu tena. Na kazi ya kukata hailetwi nyumbani. Meza ya karakanani ilikuwa na urefu wa hatua tisa. Nyumba nzima ya Karani, ukitoa choo, haikufika hapo.

Mwenye karakana alikuwa mtu wa maneno machache na hakupenda kuonekana ana huruma. Alimwambia Futi kwamba meza itamsubiri mpaka mwisho wa muhula, si zaidi, kwa kuwa muhula mpya ni sare mpya. Akaongeza kwamba hamhitaji wiki nzima. Asubuhi tatu zingetosha; yeye akate, wengine washone siku zilizobaki. Kumpata mtu wa kukaa na mzee asubuhi hizo tatu, hilo alisema si la kwake.

Basi Futi alipoona tangazo kwenye ukuta wa kliniki, mahali ambapo wagonjwa wa viungo hungojea zamu, alilisoma mara mbili huku ameshikilia kiti cha baba kisiserereke. Serikali ilikuwa imeanzisha mpango kwa ajili ya wale wanaouguza ndugu zao majumbani. Anayeuguza mtu asiyejiweza angeweza kupewa msaidizi aliyefunzwa, anayekuja nyumbani kuanzia saa mbili hadi saa saba. Asubuhi tatu kwa wiki. Futi alihisi kama kwamba aliyeandika tangazo lile alikuwa amekaa karakanani, nyuma ya marobota, akisikiliza.

Fomu ilikuwa na kurasa nane. Aliijaza siku nne, akaipeleka ofisi ya ustawi wa jamii, akaketi kwenye benchi lililong'arishwa na makalio ya watu, akaipitisha chini ya kioo. Baada ya wiki tatu ikaja barua. Afisa angefika nyumbani siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, kumwona mhusika na kupima hali yake.

Hapo ndipo Futi alipokosea, na alikosea kwa moyo mweupe kabisa.

Jumanne alifua mapazia. Alisugua sakafu mpaka saruji ikatoa rangi aliyokuwa ameisahau. Jumatano alimnyoa baba yake taratibu, akimvuta ngozi ya shavu kwa kidole kama anavyovuta kitambaa kisikunjamane, akamvalisha suti ya kahawia, akampigia viatu rangi. Shangazi, mdogo wake Karani, aliyeishi mitaa miwili kutoka pale na aliyekuwa na magoti mabovu na ulimi mzima, alifika mapema ili asikose lolote. Alisimama mlangoni akamtazama kaka yake kutoka juu mpaka chini.

“Anakwenda kuposa?” aliuliza.

“Ni mgeni wa serikali, shangazi. Nataka amkute baba ni mtu.”

Shangazi alisema kwamba mtu ni mtu hata akiwa na mate kidevuni, akajitafutia kiti.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vyake vimelika upande mmoja kwa kutembea, kwapani amebana faili la kijani. Na faili lile ndilo lililofanya kazi ambayo dawa za miezi yote ile hazikufanya. Karani aliliona, na kitu ndani yake kikasimama wima. Aliweka mgongo sawa. Alimkaribisha mgeni, akamwonyesha kiti kwa mkono wa kulia, akauliza faili ni namba ngapi na limefunguliwa lini. Afisa akamjibu. Karani akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kanuni ilitaka mhusika aulizwe mwenyewe kwanza. Afisa akauliza kama mzee anakula mwenyewe. Naam, alisema Karani. Anaoga mwenyewe? Naam. Anavaa mwenyewe?

“Kama unavyoniona,” alisema Karani, akacheka kidogo, kicheko cha ofisini, cha watu wanaojuana kwa kazi.

Futi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la chai. Kila “naam” ilimpita kama sindano. Tangu utotoni alilelewa kwamba baba akishasema neno mbele ya mgeni, limekwisha; mtoto hamrekebishi mzazi sebuleni, hata mzazi akisema jua ni jani. Alifungua mdomo mara moja. Karani alimtupia jicho, lile la zamani, ambalo Futi alidhani limekwenda na kiharusi, naye akaufunga. Afisa alipogeuka na kumuuliza kama ana la kuongeza, Futi alisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwamba mzee anajitahidi. Basi. Shangazi aliangalia dari.

Mgeni hajafika barabara kuu, Karani aliuliza ni msiba wa nani huo mpaka akavalishwa suti. Muda si muda suruali ya suti ilikuwa imelowa.

Matokeo yalikuja kwa barua. Mpango ule ulikuwa na alama ishirini, na kadiri mgonjwa anavyoshindwa mambo ndivyo alama zinavyopanda. Anayepata kumi na mbili anapewa msaidizi. Karani alikuwa amepata tano, na hizo tano, Futi alifikiri, ni za ule mkono wa kushoto ambao haukuweza kudanganya. Chini yake palikuwa pameandikwa: *Mhusika anajimudu. Mazingira ni safi.* Aliyeomba alipewa siku thelathini za kudai kupimwa upya.

Ile “mazingira ni safi” ilimkaa kooni siku nzima. Kaka yake, aliyehamia mji mwingine miaka mingi iliyopita, alituma sauti kwenye simu kusema kwamba angekuwapo yeye angekwenda moja kwa moja kwa mkubwa wa ofisi. Kaka alikuwa hodari wa kuongea na wakubwa. Tatizo lake lilikuwa moja tu, hakuwapo. Shangazi, yeye, alikuwapo.

“Mwanangu,” alisema, akijikanda goti, “baba yako hakunyimwa na serikali. Umemnyima wewe kwa pasi na rangi ya viatu.”

“Ningesema nini, naye amekaa pale?”

“Ungesema kweli.”

“Mbona wewe hukusema? Ni kaka yako.”

Shangazi alikanda goti lile lingine. Kisha akakiri kwamba huyo kaka yake ndiye aliyemfundisha kusoma, na kwamba yeye naye, alipoona lile jicho, alijisikia ana miaka saba.

Zilibaki wiki tano muhula ufungwe. Mwenye karakana alituma ujumbe kwamba kuna mkataji mwingine anajaribiwa, mwanamke mmoja kutoka karakana ya jirani, na kwamba anapoteza kitambaa sana, ila anafika kazini kila siku. Futi aliusoma ujumbe huo akiwa amemshika baba kwapani, njia ya kwenda chooni, akairudisha simu mfukoni.

Siku ya pili yake alimwomba shangazi amkalie mzee kwa saa moja, maana zaidi ya hapo magoti yake yasingeweza, akaenda ofisi ya ustawi. Afisa alimkumbuka, yaani alimkumbuka yule mzee wa suti. Futi aliketi, na kwa kuwa baba hakuwapo pale kusikia, maneno yakatoka yote kwa mpigo. Alisema habari za shuka, za uji, za ufunguo wa masjala kwenye sufuria. Alisema jinsi mzee anavyomwita kwa jina la mkewe marehemu na kumuuliza kwa nini hazeeki. Afisa alikuwa ameweka kalamu chini.

“Kwa nini hukuyasema haya siku ile?”

“Alikuwa anasikia.”

Afisa hakushangaa. Alisema katika kila nyumba mbili anazoingia, moja ni hiyo: wazazi wanasema wanaweza, watoto wanaangalia chini, naye anaandika alichokiona na alichoambiwa, maana haruhusiwi kuandika anachokihisi. Atakuja tena. Lakini Futi amsaidie na jambo moja. Kwa wiki mbili aandike kila anachomfanyia mzee, na saa. Asiandike hadithi, aandike kazi tu. Hizo kumbukumbu ziwepo nyumbani siku ya kupimwa, zisomwe mbele ya wote, zitiwe kwenye faili.

Futi hakuwa mtu wa kuandika. Alichokijua ni namba, na alama fupi za chaki. Alichukua karatasi za kaki zilizobaki, zile anazochorea vipimo vya sare, akaanza: *11. shuka 2. uji nusu. mguu, mafuta. 4 kaanguka? hapana, karibu.* Baada ya siku mbili karatasi ilifanana na mchoro wa suruali iliyoharibika.

Siku ya tatu, asubuhi moja kati ya zile njema, Karani aliikuta karatasi ile juu ya meza ya chakula. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali. Uso ukamkunjamana.

Aliuliza nani ameandika uchafu huu. Haina tarehe. Haina namba. Mtu atajuaje nini kilitangulia nini? Futi, mikono imejaa povu la kufulia, alisema ni yeye, anaweka kumbukumbu fulani, zinatakiwa ofisini. Neno “ofisini” lilitosha. Karani aliagiza rula. Futi alimpa ile yake ya mbao, ndefu kama mkono, akaishikilia upande mmoja ili mzee aweze kupiga mistari kwa mkono mzima. Zikatoka safu nne: Tarehe. Saa. Tukio. Hatua Iliyochukuliwa. Mwandiko ulitetemeka, lakini ulikuwa ule ule, wenye herufi zilizoinama kidogo mbele kama watu wanaopanda mlima.

“Haya,” alisema Karani. “Ripoti.”

Futi alikausha mikono kwenye nguo. Akasema kwamba saa kumi na moja alfajiri mzee ameamka, amelowa.

“Mzee yupi?”

Alimtazama baba yake. Macho yalikuwa makavu, ya kazi, yakisubiri jibu ili yaendelee.

“Mzee mmoja, baba. Ninamuuguza.”

Karani akaandika: *Mzee alikutwa amelowa. Alibadilishwa.*

Ikawa hivyo siku zote zilizofuata. Baada ya uji Karani alikaa mezani, Futi akasimama mbele yake kama mtumishi aliyetoka kazini nje, akaripoti. Yeye aliuliza maswali mafupi. Hatua gani ilichukuliwa? Muda gani ulipita? Kuna shahidi? Siku ambazo akili haikuja, Futi aliandika mwenyewe kwa kufuata safu, na kesho yake Karani alizikagua, akazitia herufi zake mbili pembeni kuonyesha zimepita. Futi alijiona mwizi. Alikuwa anachukua aibu ya baba yake na kumpa aiandike kwa mkono wake. Usiku hakuweza kumwambia mtu, ila mchana alimwambia shangazi, akitegemea mzaha, lakini shangazi hakutania.

“Miaka thelathini na mmoja,” alisema, “alikuwa anatafuta mafaili ya mashamba ya watu wengine. Mwache aandike la kwake japo moja. Nalo lisiwekwe chini ya rundo, basi.”

Siku ya kumi Futi alikwenda kuanika nguo uani, na Karani akatoka mlango wa mbele kuelekea ofisini. Alianguka karibu na lango, kwenye kokoto. Ripoti ya siku hiyo ilitolewa asubuhi ya pili yake, mzee akiwa na bandeji kwenye kiwiko. Aliiandika neno kwa neno, akapuliza wino ukauke.

Afisa alikuja Alhamisi. Mapema siku hiyo shangazi alitoa shauri lake kwa sauti ya chini: safari hii Futi asiguse kitu. Mwache na shuka yake, waone kwa macho yao. Futi alisimama kando ya kitanda na beseni mikononi, maji yanapoa. Alijua shangazi anasema kweli. Alijua pia kwamba mikono yake haitakubali. Alimwosha baba, akamvalisha shati safi na kikoi cha kulalia, akamwacha bila suti, bila viatu, na ndevu za siku mbili. Hapo ndipo alipoweza kufika, wala hakuweza kwenda mbali zaidi ya hapo.

Faili la kijani likaingia, na mgongo wa Karani ukanyooka. Anakula mwenyewe? Naam. Anaoga mwenyewe? Naam. Futi alikuwa amekaa safari hii, karatasi za kaki amezikunja mapajani, na kila alipotaka kusema, ulimi ulikuwa mzito kama mkasi wake. Afisa alimtazama. Alisubiri. Hatimaye akauliza kwa utaratibu kama kuna kumbukumbu zozote zilizowekwa.

“Zipo,” alisema Karani. “Nimeziandaa mimi.”

Akanyoosha mkono. Futi akampa. Mzee alivaa miwani, akazipanga karatasi kingo kwa kingo, akaanza kusoma kwa sauti yake ya masjala, isiyopanda wala kushuka. Saa kumi na moja alfajiri, mzee alikutwa amelowa, alibadilishwa. Saa moja, alipewa uji, alikula nusu, alisahau kumeza, alikumbushwa. Saa tatu, alidai ufunguo, alitulizwa. Afisa alikuwa anaandika. Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga. Ukurasa baada ya ukurasa sauti ilikwenda, mpaka ikafika siku ya kumi.

“Saa tisa alasiri,” alisoma Karani, “mzee alitoka nje akitafuta ofisi. Alianguka karibu na lango. Alinyanyuliwa na binti. Alilia.”

Hapo akasimama. Mkono wa kulia uliacha karatasi, ukaenda polepole kwenye kiwiko cha kushoto, ukaigusa bandeji, ukakaa pale. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Kisha Karani alizirudia karatasi, ukurasa wa kwanza, wa pili, akitafuta kitu kwa kidole.

“Kuna kasoro,” alisema.

“Kasoro gani, mzee?” aliuliza afisa.

“Huyu mzee ameandikwa vizuri. Amekula, ameoshwa, amelala. Lakini huyu binti hana safu.” Kidole kilishuka ukurasa mzima. “Sioni alipokula. Sioni alipolala. Faili haliwezi kwenda hivi.”

Akavua miwani, akamgeukia Futi. Jicho halikuwa lile la zamani, wala halikuwa lile tupu la asubuhi mbaya. Lilikuwa linauliza tu. Na Futi akaona kwamba ameulizwa na baba yake, na mtoto akiulizwa na mzazi hujibu.

“Sikuandika kwa sababu hakuna cha kuandika,” alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaisukuma. “Nakula nikisimama. Nalala mpaka utakaponiita. Wewe hujiwezi tena, baba. Na mimi nimechoka.”

Karani alitulia, kama mtu aliyeletewa karatasi iliyokuwa imepotea na sasa anaisoma kwanza kabla ya kuipokea. Kisha akampa afisa kumbukumbu zote, kwa mkono wa kulia.

“Liandikwe,” alisema. “Na tarehe iwekwe.”

Alama zilikuwa kumi na nne. Barua ilieleza kwamba msaada utaangaliwa upya kila baada ya miezi sita, kwamba msaidizi hapiki wala hafui nguo za wengine wa nyumba, na kwamba lalamiko lolote liletwe kwa maandishi. Msaidizi alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyewahi kufanya kazi wodini. Siku ya kwanza alichelewa kwa kupotea njia, na Karani alimdai barua ya utambulisho kabla ya kumruhusu amguse. Kwa bahati alikuwa nayo.

Futi alifika karakanani akiwa amechelewa, jasho limemlowesha mgongo. Meza ilikuwa pale. Yule mkataji mwingine alikuwa ameacha alama za chaki zilizopishana kila upande, na mwenye karakana alizionyesha kwa kidevu, akaondoka, hiyo ndiyo ikawa salamu yake. Futi alifuta meza kwa kitambaa kibichi kutoka mwanzo hadi mwisho, hatua tisa. Alitandaza tabaka la kwanza. Mkono ulitaka kukumbuka, akili ilikuwa nyumbani, kwenye lango, kwenye bomba, kwenye kokoto. Mkato wa kwanza ulikwenda kombo kidogo, nusu inchi, akaona aibu mbele ya mashine kumi na nne ambazo hazikuwa zinamtazama. Wa pili ulinyooka. Saa tano ilipita bila yeye kujua, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa muda mrefu.

Alirudi saa saba kasoro, nusu akikimbia. Mzee alikuwa amelala, ameegemezwa mito miwili, kidevu kikavu. Msaidizi alikuwa anafunga mkoba wake. Alisema walikwenda vizuri, ila mzee alitaka rula, naye akaichukua ukutani, anatumaini hakukosea.

Karatasi mpya ya kaki ilikuwa juu ya meza. Safu zilikuwa tano. Ya tano ilikuwa imepinda na kubanwa pembeni, kama mtu aliyechelewa kufika na kupishwa kwenye benchi, na juu yake pameandikwa: *Binti*. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja tu.

*Yuko kazini. Anarudi saa saba.*

Tarehe aliyoiweka ilikuwa ya miaka ishirini na sita iliyopita. Futi aliiangalia kwa muda, kalamu ikiwa karibu na mkono wake. Kisha akavuta kiti, akamimina chai iliyobaki kwenye chupa, na akala mkate akiwa amekaa.